Kofi Kwenye Kioo cha Kushoto

Neema, fundi kijana wa hanga, lile banda letu la ndege, amenipigia simu mara tatu tangu nistaafu. Anataka niwaandikie wenzake kuhusu vyombo vya ndege, kwa sababu, anasema, wamejaa vyeti lakini hawana subira. Haya. Nimekaa sebuleni kwangu Ilala, chai ipo, mjukuu amelala, naandika. Vyeo sitaviandika kwa kuwa mnavijua, na mishahara sitaigusa msije mkalia. Nitaandika kuhusu ndege moja ndogo ya Mzee Tarimo, kuhusu Mzee Mbwana aliyenifundisha kazi, na kuhusu kofi nililozaba siku yangu ya kwanza kazini, ambalo nusura linirudishe Kariakoo kuuza betri.

Kariakoo ndiko nilikozaliwa. Baba alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, kati ya muuza vifungo na mama wa chapati. Watu walileta redio zilizokata sauti, televisheni zenye picha ya mvua, spika za harusi zilizopasuka kabla bibi harusi hajafika. Mimi nilikaa kwenye kigoda nimeshika tochi, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua jambo moja: redio ikigoma, kwanza izabe kofi. Si kofi la hasira, jamani. Kiganja wazi, ubavuni, chini kidogo ya spika. Ikiitika, ujue kuna waya umelegea, fungua uutafute. Isipoitika ndipo unaanza kuumiza kichwa. Baba aliliita kipimo cha kwanza, na kwa kweli nusu ya wateja waliondoka na kofi tu, wakashukuru sana.

Nikasoma mambo ya umeme chuoni, masomo ya jioni, mchana nikiwa kibandani. Siku nilipopata nafasi ya mafunzo kwenye hanga pale uwanja wa ndege, Baba alifunga kibanda nusu siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku nilipoolewa. Alinipa bisibisi yake ndogo yenye mpini mwekundu. Akaniambia, "Mwanaidi, huko kuna vitu vya watu. Usivunje."

Nilimkuta Mzee Mbwana amekaa kwenye ngazi ya ndege anakunywa kahawa. Mtu wa Pwani, mwembamba, mpole wa sauti, kofia ya mkono kichwani na kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa redio?"

"Ndiyo mimi."

"Karibu. Hii nayo ni redio, ila ina mabawa."

Ndege yenyewe ilikuwa ya injini mbili, viti sita vya abiria, nyeupe na mstari wa bluu. Mwenyewe alikuwa Mzee Tarimo, mtu wa Kilimanjaro, Mangi kama Kariakoo wanavyowaita watu wa kule, aliyekuwa akiuza vitenge kwa jumla pale Kariakoo, na aliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya. Hakuona haya kulisema. "Ni mtumba," aliwaambia watu, "lakini gredi ya kwanza."

Mzee Mbwana alinikalisha kiti cha rubani msaidizi, akanionyesha nyumba nzima. Vioo vitatu mbele yetu, yaani skrini: cha kushoto cha kapteni, cha kulia cha msaidizi wake, na cha katikati cha ramani. Kwenye vile viwili vya pembeni rubani anaona mwendo, kimo, na uelekeo, namba ya digrii inayomwambia pua ya ndege inatazama wapi. Juu ya vioo, dira ndogo inayoelea kwenye maji, ya kizamani kabisa, ambayo haihitaji umeme wala kubembelezwa. Puani mwa ndege, rada ya kuchungulia mawingu mabaya. Redio mbili za kuongelea, moja ikipoteza sauti nyingine ichukue. Kile chombo kinachojitambulisha kwa waongozaji wa ndege walioko chini. Rubani wa mitambo, mashine inayoishika ndege yenyewe, ambaye Mzee alimsifu kwamba haombi ruhusa ya kwenda msibani. Na ndani kabisa ya dashibodi anaishi mama mmoja wa Kizungu ambaye huwezi kumwona, kazi yake ni kupiga kelele ukikaribia mlima.

"Sasa washa," akasema Mzee.

Nikawasha. Vioo vikawaka, rangi zote, nikatabasamu. Mara kile cha kushoto kikazima. Cheusi tii. Sikufikiri. Nawaapia mkono ulikwenda wenyewe, kiganja wazi, ubavuni. Pa!

Kikawaka. Nikamgeukia Mzee Mbwana nimejaa fahari, nikisubiri pongezi.

Mzee alikuwa ameshika kifua. "Binti," akasema taratibu, "kilikuwa kinajipima. Kila chombo cha maana kikiwashwa kinajipima chenyewe kwanza, kinazima, kinawaka. Umemzaba mtu anayesali."

Nilitamani kiti kinimeze. Mzee akafungua kitabu cha ndege, kile ambacho kila kinachofanywa kwenye ndege lazima kiandikwe na kutiwa sahihi, akatoa kalamu ya kwanza.

"Mzee, unaandika nini?"

"Kilichotokea."

"Si uandike tu kimeguswa?"

"Umekigusa?"

"Nimekipiga."

"Basi." Akaandika, akisoma kwa sauti: "Kioo cha kushoto kimepigwa kofi na mwanafunzi Mwanaidi. Kimekaguliwa. Kizima." Akasimamisha kalamu. "Sababu?"

"Mazoea," nikasema, machozi yakinilenga.

Akaandika: Sababu, mazoea ya Kariakoo. Akagonga muhuri. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Niliona mtu mzima mzima ameamua kunidhalilisha kwa wino.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mzee Tarimo alikuwa na desturi ya kwenda kwao Kilimanjaro kila Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili mchana. Jumamosi mbili baada ya kofi, Kapteni Luka, rubani wake, alirudi na malalamiko. Wakati wa kwenda, kioo cha kulia kilisema pua inatazama digrii mia tatu na thelathini hivi, ndiyo njia ya Kilimanjaro. Cha kushoto kikang'ang'ania mia tatu na hamsini. Tofauti digrii ishirini, na maandishi ya njano yakawaka kuonya kwamba vioo havielewani. Luka alilinganisha na ile dira ya maji, akaona kioo cha kulia ndicho kinachosema kweli, akakifuata hicho. Walifika salama.

Tulipima Jumatatu kutwa. Vioo vyote vilisema namba moja, vimekaa kama pacha. Jumamosi iliyofuata tatizo likarudi. Mzee Mbwana akahamisha kioo cha kushoto kukiweka kulia, na cha kulia kukiweka kushoto, ili kama kioo ndicho kibovu ugonjwa uhame nacho. Jumamosi ya tatu ugonjwa haukuhama. Ulibaki kushoto vilevile.

"Unaona?" Mzee Mbwana akaniambia. "Si kioo. Kwa hiyo si kofi."

Mimi sikuamini. Usiku nililala nikiwaza kwamba nimelegeza kitu fulani nyuma ya dashibodi, kiwaya ambacho kinashtuka kikiwa angani tu. Na Mzee Tarimo naye hakuamini, maana mfanyabiashara wa jumla husoma kila mstari wa kila daftari lenye mali yake, na alikuwa ameusoma mstari wangu. Jumatatu ile alikuja hangani na suti yake ya kahawia.

"Mbwana, huyu ndiye aliyezaba ndege yangu?"

"Ndiye. Lakini tumebadilisha vioo, Mzee Tarimo, na tatizo halikuhama. Kofi halihusiki."

"Amezaba kwa nguvu! Limepita kioo likaingia kwenye waya. Mimi kitenge changu kikichuja silaumu mvua." Akaninyooshea kidole, si kwa ubaya, kwa uchungu wa mali. "Binti, sina ugomvi na wewe. Lakini Jumamosi hii ikitokea tena, Jumatatu nisikukute hapa. La sivyo ndege naihamishia kwa mafundi wengine."

Ndege yake ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya hanga letu. Kila mtu alielewa maana ya maneno yale. Niliingia chooni nikalia, nikamfikiria Baba na kile kibanda alichokifunga nusu siku, na jinsi nitakavyomrudishia bisibisi yake.

Nilipotoka, Mzee Mbwana alikuwa amenisubiri na kile kitabu. "Umemaliza kulia?"

"Bado kidogo."

"Lia huku unasoma. Kila safari tangu ndege ije."

Kwa siku mbili nilisoma. Mzee alikuwa amewazoesha marubani wake kuandika kila kitu, hata pale ambapo hakuna cha kuandika. Luka alikuwa akinung'unika kwamba anajazishwa karatasi kwa ujinga. Na pale kwenye ujinga ndipo nilipoona. Jumamosi, kwenda: tofauti digrii ishirini. Jumapili, kurudi: salama. Jumamosi, kwenda: tofauti. Jumapili, kurudi: salama. Mara tatu mfululizo. Ndege ile ile, kiti kile kile, waya zile zile. Kofi gani hilo linalouma Jumamosi na kupumzika Jumapili?

"Mzee," nikasema, "kuna kitu kinakwenda ambacho hakirudi."

Mzee Mbwana alinipa tochi.

Abiria walikuwa wale wale, mafuta yalikuwa ya kawaida. Ikabaki mizigo. Karatasi ya safari ilisema "mizigo binafsi, kilo arobaini," basi. Nikaingia kwenye buti, kule mkiani, nikatambaa kwa magoti. Kulinuka ndizi mbivu. Hizo ndizo alizorudi nazo Mzee Tarimo. Nikamulika kwenye kona ya kushoto, karibu na ukuta, nikaona kipande cha lile povu jeupe la kufungashia vitu, kimekatwa mviringo. Nikakiokota. Nilipiga kelele Mzee akadhani nimepigwa shoti.

Nyie mngeona takataka. Mimi nimefungua makatoni ya aina hiyo tangu nina miaka saba. Mviringo ule ni kitako cha spika ya inchi kumi na tano, ile ya harusini, na nyuma ya spika kuna sumaku kubwa kuliko sahani ya ubwabwa.

Na hapa niwafafanulie wale mliozoea kubonyeza tu. Uelekeo ule unaouona kwenye kioo hautoki kwenye kioo. Unatoka kwenye kihisi kidogo, ukubwa wa kikombe cha kahawa, kinachosikiliza sumaku ya dunia ili kijue kaskazini ni wapi. Sumaku ya dunia ni dhaifu mno, ndiyo maana kihisi hufichwa mbali na mota na nyaya nene. Kwenye ndege ile, kihisi cha kioo cha kushoto kilikuwa mkiani, nyuma tu ya ukuta wa buti, upande wa kushoto. Cha kulia kilikuwa ng'ambo ya pili, mbali.

Jioni nilikwenda Kariakoo moja kwa moja. Baba alikuwa anafunga.

"Baba, Mangi Tarimo anauza nini siku hizi?"

"Hujasikia? Ameongeza spika. Kontena zima limetoka bandarini mwezi huu."

"Na kwao anapeleka?"

"Kila Jumamosi, mbili. Kwaya za kule zimemsubiri mwaka mzima."

"Kwa basi?"

Baba akanitazama kwa huruma. "Mtu ana ndege, apeleke kwa basi? Tena yule! Yule hawezi kusafiri buti tupu, ataugua."

Na hiyo ndiyo Kariakoo, wenzangu. Kitabu cha mtengenezaji wa ndege kilikuwa na kurasa elfu, kimetahadharisha kuhusu radi, barafu na ndege wa porini. Hakuna ukurasa uliotahadharisha kuhusu mfanyabiashara ambaye kuona nafasi wazi kwenye chombo chake kunamnyima usingizi. Zamani alijaza vitenge, na vitenge havina sumaku.

Alhamisi asubuhi nilishuka kwenye bajaji pale hangani nimekumbatia spika ya Baba. Mzee Mbwana aliuliza kama kuna harusi. Nikamwambia aketi kiti cha kapteni, awashe, aache vijipime, kisha asome namba kwa sauti. Nikaenda nyuma.

"Kushoto mia na arobaini," akaita. "Kulia mia na arobaini."

Nikaisukuma spika ndani ya buti, taratibu, mpaka ukutani.

"Mia na arobaini na tano... hamsini... Mwanaidi! Mia na sitini na moja! Itoe!"

Nikaitoa.

"Mia na arobaini! Rudisha!"

Tulicheza mchezo ule mara sita, mtu mzima na kalamu zake tatu, mpaka kofia ikamdondoka kwa kucheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya hanga nikiwa nimekumbatia spika, nikalia kwa mara ya pili wiki ile. Safari hii ilikuwa raha.

Ijumaa Mzee Tarimo alikuja. Tukamkalisha kiti cha mbele aone mwenyewe. Nilipoisukuma spika nilisikia, "Yesu na Maria!" Akashuka ngazi haraka.

"Kwa hiyo spika zangu ndizo zilizogeuza ndege?"

"Hazikuigeuza, Mzee," nikasema. "Zilikidanganya kioo tu."

"Kutoka mkiani mpaka mbele kule?"

"Kutoka mkiani."

Nilitegemea aone aibu, au akasirike. Wapi! Uso ulimng'aa. "Nimewaambia watu zina nguvu!" akasema. "Nimewaambia!" Wiki ile ile pale dukani kwake wauzaji walikuwa wanawaambia wateja kwamba hizi ndizo spika zilizoyumbisha ndege, na sijui ni nani aliyewafundisha. Spika za kwaya zikaanza kupanda basi. Buti likarudia vitenge, kwa sababu tupu lisingekaa.

Kabla hajaondoka alinigeukia. Mangi huyu hakuwa mtu wa kuomba radhi mbele za watu, naye hakuomba. "Binti," akasema, "Jumatatu nikukute hapa." Jumatatu alituletea mkungu mzima wa ndizi. Mzee Mbwana alifungua kitabu kwenye ukurasa wa kofi, na pembezoni mwa mstari wangu akaongeza tarehe, sahihi, na maneno mawili: Kofi halihusiki. Nilimwambia wakati ule ule kwamba nilikuwa nimemchukia kwa kuliandika. Akasema anajua. Akasema, kama angeandika "kimeguswa," angelazimika kuwafundisha marubani pia kuandika nusu nusu, na mimi nisingeona hata Jumapili moja iliyoandikwa salama.

Miaka iliyofuata ilikuwa mingi, na nimeshawasimulia mpaka mnanikimbia. Nyigu aliyejenga nyumba kwenye bomba la kupimia mwendo, tukaambiwa na vyombo kwamba ndege inayokimbia kwenye njia ya kurukia imesimama. Mvua ile iliyofunga barabara pale Jangwani, nikatembea na viatu mkononi nikafika hangani saa nne, nikamkuta Mzee Mbwana ameshafika, mkavu, na hajasema mpaka leo alipita wapi. Leo hawezi kusema. Ametutoka, na nimem-miss sana, kama mnavyosema ninyi. Nilipopewa muhuri wangu wa kwanza alinipa kalamu moja kati ya zile tatu. Wino wake ulikuwa umekwisha, lakini nimeitunza.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia keki, asanteni, sukari ilizidi. Mlipokuwa mnapiga picha nilitoroka nikaenda kwenye ndege ya Mzee Tarimo. Bado ipo, gredi ya kwanza, na sasa watoto wake ndio wanaosafiri nayo. Vioo vimebadilishwa, hivi vipya vinaguswa kwa kidole, kila mtu anavipapasa apendavyo. Mimi nilitangulia miaka ishirini na kitu tu.

Nikakaa, nikawasha. Vikawaka. Cha kushoto kikazima ili kijipime. Nikasubiri kimalize, kwa adabu zote, kikawaka tena. Ndipo nikakizaba, kiganja wazi, ubavuni, taratibu.

"Mama, nimeona."

Neema alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha keki mkononi.

"Umeona nini?"

"Umekipiga kofi."

"Sasa unangoja nini? Fanya kazi yako."

Aliweka keki chini, akafuta vidole, akafungua kitabu. Akaandika huku anasoma kwa sauti: "Kioo cha kushoto kimepigwa kofi na Fundi Mwanaidi. Kimekaguliwa. Kizima." Akanitazama.

"Sababu, Mama?"

"Andika kuaga."

Akaandika. Nikagonga muhuri.